Kamera ya Dirisha ya Mwanahawa

"Hii kamera yako inanifumba jicho pale pale ninapotaka kuona," Mwanahawa alisema, akaitua juu ya kioo cha kaunta, kati ya makava ya simu na boksi la chaja, kwa namna ambayo mtu hatui kitu anachokipenda.

Fiza hakuinua kichwa. Alikuwa anakata picha za pasipoti, akasema taratibu kwamba kamera si yake, ni ya Mwanahawa, aliichagua mwenyewe mchana kweupe mbele ya watu. Mmoja wa hao watu nilikuwa mimi. Na pasipoti zilizokuwa zinakatwa zilikuwa zangu, za kadi ya bima, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia. Nikakaa kwenye benchi nikatazama barabara kama mtu asiye na masikio.

"Tena ina kelele," Mwanahawa aliendelea. "Ukibonyeza inagonga kama mlango wa choo cha bati. Nimetolewa chumbani, mama Altaf. Mimi, nimetolewa."

Ukimsikia Mwanahawa anamwita Fiza mama Altaf, jua mambo yameharibika. Altaf ni mtoto wa Fiza, yuko Dar na kazi zake, hana kosa. Ila siku za amani Fiza ni Fiza, au shoga, au wewe mwanamke. Mama Altaf ni jina la kumsogeza mtu mbali bila kumtukana.

Fiza akasema pole. Akasema angembadilishia, lakini kamera nyingine hakuna. Ile ya zamani ilishakwenda Dar kwa fundi anayekusanya vyuma, sasa hivi imeshakuwa skrubu. Alisema hayo akiwa bado anakata, na mkasi wake ukapinda, ukanikata sikio. Sikio la kwenye picha.

Aliyesikia siku ile tu angedhani wanawake wawili watu wazima wanagombania chuma. Ngoja nianze nyuma kidogo.

Mwanahawa ni wa juu, vilima vya nyuma ya Mkuyuni, kwenye mdalasini na migomba. Alimaliza darasa la saba, akashuka mjini Morogoro, akapata kazi ya kufagia studio ya mzee Taherali, karibu na soko kuu. Mzee Taherali alikuwa Mhindi wa Kibohora, mtu wa kofia nyeupe na maneno machache. Mjini hapa hakuna mtu wa umri wangu ambaye hakusimama mbele ya lile pazia lake lenye maporomoko ya maji. Lakini mzee alikuwa na tatizo moja, nalo ni wanawake. Kwenye siku ya hina ya Wabohora wenzake mwanaume haingii, hata awe mpiga picha, hata awe mjomba. Huku kwetu mlimani nako, mwali anapotolewa ndani, asubuhi ile anapovishwa shanga na kanga mpya huku bibi zake wanamchezea, mwanaume akikanyaga kizingiti ataondoka na mchi mgongoni. Pesa yote hiyo ilikuwa inampita mzee mlangoni.

Fiza alikuwa binti yake pekee, rika moja na Mwanahawa, na alitaka kufundishwa. Mzee akakataa. Alisema binti wa nyumba hii haendi kwenye sherehe za watu kufanya kazi, anakwenda kualikwa. Akamfundisha mfagizi.

Na alipomfundisha akampa kamera. Mzee aliiita kwa jina lake la kiwandani, refu, la Kijapani. Mwanahawa aliiita ya dirisha, na jina la Mwanahawa ndilo lililobaki. Ni ndogo, inaingia kwenye mfuko wa kapu. Juu ya lenzi, pembeni, ina kidirisha. Unachungulia hapo, katikati unaona kidoa cha manjano, na ndani ya hicho kidoa mtu anakuwa wawili, kama mlevi anavyoona. Unazungusha lenzi polepole mpaka wale wawili waingiane wawe mmoja. Hapo unabonyeza. Inalia kidogo tu, kama mtu anayegonga ulimi mezani kumkanya mtoto aache. Ndani haina kitu kinachoruka, kwa hiyo haitikisiki mkononi, na hata kwenye nyumba ya udongo yenye mwanga wa mlango mmoja, bila flashi, picha inatoka safi.

Siku ya kwanza kuweka mkanda wa filamu, Mwanahawa kwa hofu aliparuza chuma cha ndani kwa ncha ya bisibisi. Pakabaki pengo dogo. Tangu hapo kila picha iliyotoka kwenye kamera ile ilikuwa na kitu kama jino kwenye ukingo wake, juu kushoto, kwenye mkanda wenyewe. Mzee alitazama, akasema vizuri, sasa imeandikwa jina.

Ubaya wa kamera ya dirisha ni mmoja, na ulimkuta Mwanahawa siku ambayo haikufaa kabisa. Kwa kuwa unaangalia kupitia dirishani na si kupitia lenzi, ukisahau kutoa kifuniko cha lenzi hujui. Unaona kila kitu kizuri, mwanga mzuri, watu wanacheka, unabonyeza weee mpaka mkanda unaisha. Ilikuwa siku ya hina ya Fiza. Mwanahawa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, shoga yake anakwenda kuolewa Tanga, hakukumbuka kifuniko hata mara moja. Mkanda mzima ulitoka mtupu. Bibi harusi, mama yake aliyekuwa bado hai, mashangazi na rida zao, yale mabaibui ya Kibohora ya rangi zote, hakuna hata kidole.

Fiza alilia, halafu akacheka, halafu akasema maneno ambayo yakawa yao wawili kwa miaka yote: "Nakudai harusi yangu." Akituma salamu kutoka Tanga, anamalizia hivyo. Akija kusalimia, kabla ya kuvua viatu anasema, usinisalimie kwanza, mimi ndiye ninayekudai. Na Mwanahawa anajibu atalipa tu, Mungu akimpa uhai.

Mumewe alipofariki Fiza alirudi Morogoro, na mzee naye hakukaa sana. Duka likabaki la Fiza. Pazia la maporomoko likaondoka, zikaja simu na fotokopi na picha za pasipoti za dakika tano. Lakini chumba cha giza cha nyuma, cha kusafishia mkanda, chenye mashine ya mzee ya kukuzia picha, hakukigusa, kwa sababu Mwanahawa bado alikuwa anakitumia. Bado alikuwa anapiga picha za mkanda.

Msicheke. Alikuwa na kazi kuliko hao vijana wenye kamera za kisasa. Kwani ilitokea kijiji kimoja cha huko juu mwali akapigwa picha kwa simu akiwa anavishwa, na kabla shanga hazijafungwa picha ilikuwa imefika Kingolwira. Mama yake alifungiwa mlango na ndugu zake mwenyewe. Toka siku hiyo makungwi wakakubaliana: simu hapana, na chochote kinachoonyesha picha kwa nyuma hapana. Mwanahawa peke yake. Anapiga, anasafisha mwenyewe, anatoa nakala moja moja, mkanda anaukata na kuutia kwenye bahasha anampa mama wa mwali. Hakuna kilichobaki kwa mtu mwingine. Kwenye hina za Wahindi nako wakasikia, wakampenda kwa sababu hiyo hiyo. Hiyo ndiyo mali yake Mwanahawa. Hana shamba la maana, hana mume wa maana. Ana kuruhusiwa kuingia.

Mwaka jana, baada ya masika, picha zake zikaanza kutoka na ukungu. Kwenye kidoa wale wawili wanaungana vizuri, mkanda ukisafishwa picha si kali. Bibi anaonekana pua tu, macho yamefifia. Mzee alipokuwa hai jambo hilo lilishatokea, na yeye aliichukua kamera nyumbani, kesho yake akairudisha nzima. Mwanahawa hakuwahi kuona alifanya nini. Basi akampelekea Fiza.

Mimi nilikuwepo, nilipeleka simu yangu kuwekwa kioo. Fiza aliichungulia ile kamera mlangoni, akaigeuza, akaitikisa sikioni kama nazi. Akasema imekufa. Akasema vioo vya ndani vimekwisha, na fundi wake duniani hayupo tena. Kisha akainama chini ya kaunta akatoa mkoba wa ngozi.

Ndani mlikuwa na kamera nyeusi, kubwa, ya kioo, ya mkanda vile vile, na lenzi tatu. Aliinunua kwa bwana mmoja aliyekuwa anahamia Gairo. Akaeleza, na Fiza anajua kueleza, ni mtoto wa duka. Hii ndani ina kioo, kwa hiyo unachungulia kupitia lenzi yenyewe. Unachokiona ndicho utakachokipata. Ile ya dirisha ukimsogelea mtu karibu inakukatia paji la uso, hii haikati. Ile ina lenzi moja mpaka kufa, hii ina ya karibu, ya upana na ya mbali. Akaivika ile ndefu ya mbali, akampa Mwanahawa atazame nje.

Mwanahawa akaielekeza mlimani. Mara akacheka kama msichana, akasema anaona minara ya kileleni Bondwa, anaona mpaka nyaya zake. Akanipa na mimi nikaona. Kweli nyaya zilionekana.

Lakini alisita. Alisema ni kubwa mno, ni nzito, bibi za kule watasemaje. Akairudia ile ndogo, akaishika. Hapo ndipo Fiza aliposema:

"Mwana, hii ukisahau kifuniko unaona giza. Unajua papo hapo. Ungekuwa nayo hii siku ile, harusi yangu isingepotea."

Sasa mtu akiambiwa hivyo atajibu nini? Mwanahawa akaichukua ya kioo. Wakakubaliana wabadilishane, ile mbovu ibaki kwa Fiza, itakwenda Dar kuvunjwa. Fiza aliitoa leso yake kichwani, ya hariri, akaifungia ile kamera mbovu mafundo mawili, akaiweka ndani. Nilijiuliza hariri ya nini kwa chuma chakavu. Sikuuliza.

Kazi ya kwanza ya kamera mpya ilikuwa Mkuyuni, kwa kungwi mwenyewe, bibi Sabra, anamtoa mjukuu wake. Msichana mkubwa, kamaliza chuo cha ushonaji, alirudishwa nyumbani kwa ajili ya hilo. Mwanahawa aliingia chumbani, shikamoo kwa kila mzee, akakaa pembeni kama kawaida yake. Bibi wakaanza kuimba chini kwa chini. Akainua kamera.

Alinisimulia mwenyewe, kwa hiyo nasema kama alivyosema. Zamani akichungulia dirishani, ile ndogo ilimfunika jicho moja tu. Jicho la pili lilikuwa wazi, mdomo wazi, bibi wanamwona anatabasamu nao, anaimba nao. Sasa hili dude likamfunika uso mzima, likatanguliza pua nyeusi mbele. Akabonyeza. Kwachu! Wimbo ukakatika. Na pale pale kwenye kubonyeza, kioo cha ndani kikaruka, yeye akaona giza tupu, hakujua mwali alikuwa ameinama au ameinuka. Akapiga tena. Kwachu. Mwanga mdogo, mkono unatikiswa na kile kioo, alijua moyoni picha hazitoki.

"Mwanahawa," bibi Sabra akasema, "uso wako uko wapi?"

Akaitelemsha akasema bibi, niko hapa, ni mimi.

"Nilimruhusu Mwanahawa. Hilo sikuliruhusu. Toka nalo, na siku ukirudi na kile kidogo chako, utakaa ulipokuwa unakaa."

Alishuka kutoka Mkuyuni kwa daladala, mkoba mapajani. Na kule habari haichelewi. Hina moja ya mjini ikamtumia ujumbe kwamba wameahirisha, na haikuahirishwa. Ndipo alipokuja dukani na yale maneno ya kufumbwa jicho.

Basi turudi kwenye benchi, mimi na sikio langu lililokatwa.

Mwanahawa alipoambiwa ya zamani imeshakuwa skrubu, alisema sawa. Akasema walau asafishe hizo chache alizopiga, mkanda bado uko ndani haujaisha, aone uharibifu ukoje. Akapita nyuma kwenye chumba cha giza, akachukua ufunguo msumarini kama siku zote. Nikaona Fiza anaacha mkasi. Nadhani alikuwa amesahau, au alikumbuka amechelewa.

Mwanahawa hakukaa humo hata muda wa kuwasha taa nyekundu. Alirudi ameshika mkanda uliokuwa umeanikwa kwenye kamba na kibanio cha nguo. Mkanda mkavu, uliosafishwa. Akaulaza juu ya kioo cha kaunta, ambacho kina taa chini yake ya kuonyeshea simu, na picha zote zikawaka. Niliinuka kutazama, nani angekaa. Ua wa nyumba ya Fiza. Kiti cha mzee Taherali, kitupu. Altaf, labda alipokuja kusalimia, anakula embe. Kiti tena, kwa karibu. Kali zote, hakuna ukungu. Na kila moja, juu kushoto, ina jino.

Mwanahawa akaweka kucha yake kwenye lile jino.

"Hili la nani?"

Fiza aliinama, akafungua droo ya chini kwa ufunguo wa shingoni, akatoa furushi la hariri, akalifungua. Kamera ya dirisha ilikuwa imepanguswa mpaka inang'aa. Mwanahawa aliichukua, akachungulia mlimani kupitia mlangoni, akazungusha lenzi hadi alama ya mbali kabisa. Nilimwona bega linashuka. Wale wawili walikuwa wameungana, na safari hii penye alama yake.

Fiza akaanza kusema, haraka, akitazama mkanda. Kwamba vioo vilikuwa vizima. Ni skrubu moja tu, ndani ya kifuniko cha juu, inalegea mvua ikiwa nyingi, unaigeuza nusu. Baba alikuwa anafanya mezani wakimaliza kula, na yeye ndiye aliyekuwa anamshikia taa.

"Kwa hiyo siku ile ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaniambia habari ya kifuniko." Mwanahawa hakupaza sauti, ingekuwa nafuu. "Miaka yote unanidai harusi nikadhani ni mapenzi. Kumbe ulikuwa unaiweka akiba uje uninunue nayo."

Fiza akasema sivyo. Mwanahawa akasema ndivyo, mimi nilichagua nikiwa na kifuniko machoni, na wewe ndiye uliyenivalisha.

Kisha akasema kitu kidogo, na kwa jina lake. "Ungeniomba, Fiza."

"Ningeombaje kitu cha baba yangu?"

Mwanahawa alimtazama kama aliyeongea lugha ngeni. Na mimi nilimwelewa Mwanahawa, maana kwetu mlimani mtoto hatazami vitu vya baba. Shamba, ukoo, jembe, vyote vinafuata upande wa mama. Baba akifa vitu vyake vinakwenda kwa watoto wa dada yake, na mtoto anayevikodolea macho anachekwa. Mzee Taherali alipompa ile kamera, haikumpitia Mwanahawa akilini hata siku moja kwamba kuna mtoto ndani ya nyumba ile anayeiona inatoka mlangoni. Alidhani ni zawadi. Fiza aliiona inaporwa. Alikuwa ameomba kufundishwa, akapewa masufuria ya kuolewa nayo. Mfagizi akapewa jicho la baba. Na angesema kwa nani? Kwa mzee, asingethubutu. Kwa Mwanahawa, angeonekana anamwonea wivu maskini. Akanyamaza mpaka skrubu ikalegea.

Fiza aliisukuma kamera upande wa Mwanahawa. Akasema ichukue, ni yako, nilikosea, kazi yako iko pale. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

Mwanahawa, kazi yake yote iko kwenye kile kitu. Mlango wa bibi Sabra umo humo. Nilitaka kumwambia ichukue, mjinga wewe, mengine mtaongea baadaye. Aliigusa kwa kidole kimoja, akairudisha.

"Nikiinua hii nitakuwa nakuona wewe tu dirishani. Baki nayo. Lakini sikukupa. Usije ukasema nilikupa."

Akaichukua ile nyeusi. Fiza alidhani anaondoka, na mimi pia. Hakuondoka. Alirudi nyuma hatua chache mpaka mwanga wa mlango ukamwangukia Fiza vizuri, akamwambia ashike kamera ya baba yake kifuani. Fiza akauliza kufanya nini. Akaambiwa shika. Fiza akashika. Mwanahawa alitoa kifuniko cha lenzi, akamwonyesha kifuniko mkononi, akakitia mfukoni. Akalenga. Kwachu!

Akatoka. Pasipoti zangu sikuzikumbuka mpaka kesho yake.

Chumba cha giza hakurudi. Alihamisha trei zake na chupa za dawa siku hiyo hiyo, akaja kwangu Mwembesongo akaomba stoo yangu ya mkaa, akaziba matundu ya bati kwa matambara. Alinisema kutwa kwamba stoo ina vumbi. Nikamwambia ni stoo ya mkaa, alitaka kukuta unga? Aliusafisha mkanda kwenye beseni la watoto. Picha za Mkuyuni zilitoka kama alivyojua, zimetikisika zote, mwali ana mikono sita. Ya mwisho, ile ya dukani, ilikuwa kali kama wembe.

Aliilaza kwenye karatasi, akaikandamiza na kioo cha picha ya ukutani kwangu, akaimulika na tochi, akaitia kwenye dawa. Mimi nilikuwa nimeshika nguo mlangoni kuzuia mwanga. Ikapanda polepole ndani ya maji. Kaunta, mikono, kamera ya mzee. Halafu uso. Fiza amefumba macho, amekaza midomo, kama mtu anayesubiri kofi. Ile kamera ilikuwa imemfumba Mwanahawa jicho wakati ule ule, hakuwa ameuona uso huo mpaka sasa. Aliutazama mpaka nikamwambia dawa itaiunguza. Akasema najua kazi yangu.

Alipanda Mkuyuni kwanza. Alimpa bibi Sabra mkanda mbovu kwenye bahasha, vipande vyote vya mwali, akasema hazikutoka, hii kazi sidai. Bibi akauliza kile kidogo kiko wapi. Akasema kimerudi kwao. Bibi Sabra si mtu wa kubembelezwa. Alifikiri, akasema basi atakuwa anasimama nje ya kizingiti, na hilo dude alifunge kanga lisipige kelele. Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Mwali anavishwa ndani, Mwanahawa yuko uani juani, kamera imeviringwa kanga kama mtoto mchanga, anavuta kwa lenzi ndefu kupitia mlangoni. Picha zinatoka. Nzuri, hata. Bibi wamo, wanaimba, ila hakuna anayemwangalia, kwa sababu hayupo chumbani. Kuna siku nilimkuta anaitazama moja, akasema zamani walikuwa wananichekea. Akaigeuza kifudifudi.

Dukani alikwenda siku ya soko, nikamsindikiza, bado nilikuwa nazidai pasipoti zangu. Fiza alipomwona akainuka haraka, akavuta kiti, akasema chai iko jikoni, ya tangawizi. Mwanahawa hakukaa. Alitoa bahasha kwenye kapu, akatoa picha, akaiweka kwenye kioo.

Ilikuwa ndogo kama stempu.

Fiza aliinama kuitazama. Ilibidi aiinue mpaka karibu na pua. Aliona macho yake yamefumbwa, nikaona anaelewa, akakaa kwenye kile kiti alichomvutia mwenzake.

"Mbona ndogo hivi?" aliuliza, polepole, si kwa ubishi.

"Mashine ya kukuza ni ya baba yako."

Fiza akaitikia kwa kichwa. Akasema inatosha. Akachukua kile kipande cha mkanda kilichokatwa, kimoja, chenye picha hiyo moja, ambacho Mwanahawa alikuwa amekitia kwenye bahasha kama anavyowafanyia wateja wote, akauliza kama hakubaki na chochote.

"Sibaki na picha za watu. Ulikuwa unanidai harusi. Nimelipa nilichonacho."

"Umelipa," Fiza akasema. "Sikudai tena."

Mwanahawa akafunga kapu lake. Akamwambia akate tena na hizo pasipoti za huyu, safari hii na masikio yote mawili. Akageuka mlangoni, akaaga vizuri kabisa, kwa adabu, kama mteja.

"Haya, mama Altaf. Mchana mwema."